Mlango wa Kuinamia

“Mlango haunyanyuliwi,” alisema Dorkas. “Hata aje nani. Marehemu aliuweka pale ulipo kwa makusudi.”

“Makusudi gani, wifi? Ya kupasua watu vichwa?” Irine alikuwa ameketi kwenye kigoda akichambua maharage ya makande, na kila alipotoa neno alitupa na harage bovu. “Kaka yangu namjua mimi. Nimechunga naye mbuzi, nimekula naye sahani moja. Hakuwa na makusudi na mlango.”

“Umekula naye, hukuolewa naye.”

“Fundi, hebu sema wewe.”

Athumani alikuwa juu ya ngazi, anapima ukuta wa mlangoni kwa kamba na jiwe. Alikuwa mtu wa Kigoma. Ujana wake ulimleta kukata mkonge kule bondeni, akauchoka mkonge, akashika mwiko, na sasa alikuwa amekaa Upareni vya kutosha kujua kwamba mawifi wakigombana, mwanamume mwenye akili anapima ukuta.

“Mimi nasema la boriti tu,” alijibu bila kugeuka. “Boriti ya juu ya mlango ndiyo imebeba paa. Nikiitoa ili niinue mlango, paa lote linakuja kukaa hapa kichwani kwangu. Labda nimwage lenta ya zege, na zege mama amekataa.”

“Nimekataa,” alisema Dorkas.

“Basi mlango haunyanyuliki.”

“Si ndivyo nilivyosema?”

“Wewe umesema haunyanyuliwi. Yeye amesema haunyanyuliki. Wapi na wapi!” Irine akatupa harage jingine. “Nyanyueni msinyanyue, Jumamosi mwanao Abedi anakuja na vijana wake na nyundo zao. Akiinama tena mlango huu, nyumba hii Jumapili ni kifusi, na wewe utahamia kwangu, na mimi kitanda ni kimoja na unakoroma.”

Dorkas alichukua jembe akaenda kukanyaga udongo.

Nyumba yenyewe iko mlimani juu ya kijiji cha Maore, mahali ambapo barabara inakata tamaa na kuwaachia watu miguu yao. Zephania, mume wa Dorkas, aliijenga kwa matofali mabichi juu ya msingi wa mawe, siku ambazo mabati yalikuwa bado yanapanda mlima kichwani mwa watu. Dorkas aliletwa humo akiwa mwali kutoka Bendera, mtoto wa tambarare asiyejua kupanda kilima bila kushika magoti. Watu walisema hatamaliza masika. Akamaliza masika, na wengi wa waliosema akawazika.

Kilichompa jina ni mikono yake. Dorkas alisiriba. Udongo, samadi ya ng'ombe, jivu la mafigani na maji, kiasi akikijua kwa kunusa. Ukuta uliopitiwa na kiganja chake ulikuwa laini hata nzi akitua aliteleza akaumia. Kuna jogoo wa jirani aliyejiona kwenye ukuta wa Dorkas, akapigana na huyo mwenzake wa ukutani asubuhi mpaka mchana, akafa wa kwanza. Kesi ya jogoo yule ilifika kwa mwenyekiti wa kitongoji na ikasikilizwa mara tatu. Wapare ni Wapare.

Na nyumbani kwake mwenyewe hakuwa mvivu. Kila Jumamosi, ili Jumapili ikute nyumba ina heshima, alisiriba sakafu kuanzia ukuta wa nyuma hadi mlangoni, akitoka kinyumenyume. Alisiriba akiwa na mimba, alisiriba akiwa na homa. Jumamosi aliyozaliwa mwanawe Abednego alisiriba asubuhi akajifungua mchana, na mkunga aliambiwa avue viatu.

Kisha saruji ikapanda mlima. Nyumba moja baada ya nyingine ikawa ya kijivu, na mikono ya Dorkas ikabaki na sakafu moja tu ya kusiriba, ya kwake. Zephania naye akafa. Ni baada ya mazishi watu walipoanza kuusemea mlango.

Mlango ulikuwa mfupi. Huo ulikuwa ukweli wa wazi, wa kuonwa hata na mtoto. Mtu mzima aliingia kwa Dorkas kama anayeingia kwenye banda la mbuzi. Dorkas akawapa maelezo: Zephania alitaka kila aingiaye nyumbani mwake ainame, awe mkubwa awe mdogo. Bwana kodi aliwahi kuingia na kiburi chake, kofia ikabaki nje ikiwa imetundikwa kwenye boriti, na aliposhikwa na aibu akasahau kilichomleta. Chui aliingia usiku mmoja kufuata mbuzi, akajikuta ameinama mbele ya mbuzi, akaona haya, akatoka. Mwinjilisti mmoja mrefu kama mkaratusi alishindwa kabisa kusimama, akafanya ibada yote kwa magoti, na watu wakasema haijapata kuonekana sala nzito kama ile. Zephania mwenyewe hakuwahi kuzisikia hadithi hizi. Asingekuwa na cha kusema hata hivyo. Alikuwa mtu wa maneno machache.

Aliyelipia hadithi hizo kwa ngozi yake alikuwa Abednego. Abednego ana duka la vipuri vya bodaboda pale Same mjini, na ni mrefu. Kila alipokuja kumwona mama yake alijigonga paji la uso, mahali palepale, mpaka pakafanya sugu nyeusi. Wateja wake Waislamu waliiona ile alama wakadhani ni ya sijida, wakaanza kumwita shehe na kumwomba awaombee dua. Yeye ni Mlutheri, mwimbaji wa kwaya ya vijana, sauti ya tatu. Akajizoeza kuingia kwa mama yake akiwa ameinama tangu uani, kiganja kimefunika paji la uso.

Krismasi iliyopita alileta wakwe watarajiwa, waje waone alikotoka. Baba wa binti aliingia wa kwanza. Mshindo ulisikika kwa jirani. Mzee wa watu alikaa kitako juu ya sakafu ya Dorkas, akaangalia huku na huku, akauliza kama amefika. Posa haikuvunjika, lakini maneno yalikwisha mapema na chai ikabaki. Jioni ile Abednego alisimama uani akasema, bila kupaza sauti, kwamba mlango huo hatauinamia tena. Nyumba itavunjwa, itajengwa ya bloku, yenye mlango wa watu.

Dorkas hakubishana. Mtoto hajibizwi siku ya Krismasi. Alingoja mwanawe ashuke mjini, kisha akamtafuta Athumani.

Mpango wake ulikuwa mfupi kama mlango: nyumba ikitengenezwa ikapendeza, mtu ataona huruma kuivunja. Mvua ilikuwa imeula ukuta wa magharibi, bati lilivuja, chumba cha kulala kilikuwa na giza la pango. Abednego hakujua lolote. Alijua tu kwamba mama yake amenyamaza, akadhani amekubali. Akatuma ujumbe: Jumamosi baada ya Pasaka anapanda na vijana.

Athumani alikuwa na namna yake ya kazi. Alikuwa amefanya kazi kwenye nyumba za wageni, mahali ambapo watu wa mbali hulipa ili walale kwenye udongo. Hakutupa kitu. Bati lililotoboka alilikunja likawa mfereji wa kukinga maji ya paa hadi kwenye pipa. Dirisha la chumbani alilitoboa, na matofali aliyoyatoa yakaziba ukuta wa magharibi. Kutoka kwenye shamba la mkonge bondeni alileta gunia la nyuzi fupi, zile ambazo mashine huzitema, akazikatakata na kuzichanganya na udongo ili ukuta usipasuke.

“Hii inaitwa nyumba rafiki wa mazingira,” alimwambia Dorkas.

“Mazingira ni nani?”

“Ni haya, mama. Miti, maji, udongo.”

“Aa. Hao tunafahamiana.”

Saruji Dorkas aliikataa kwa sababu zake, wala hazikuwa za hadithi. Julai ukungu unapoteremka, nyumba za bloku hutoa jasho la baridi na wenyewe huota moto nje. Matofali ya kuchoma nayo yalikuwa yamekula miti ya bonde zima. Tanuri moja lilimeza mikaratusi kama mtu anayekula miwa, na chemchemi ya chini ya kanisa ilikuwa imebaki kulia machozi. Sababu ya tatu hakuisema. Kwenye ukuta wa saruji kiganja chake hakikuwa na kazi.

Hivyo ndivyo walivyofika Alhamisi ile ya ugomvi, nyumba imepona kila mahali isipokuwa ukuta wa mlangoni, na mlango uko palepale. Na mchana huohuo udongo ukaisha.

“Tuchimbe kingo ya tuta,” alisema Dorkas.

“Ukichimba kingo, mvua ya kwanza shamba linahamia Maore,” alisema Athumani.

“Maore wana mashamba ya kutosha,” alisema Irine.

Athumani akatazama huku na kule, kisha akatazama chini. Sakafu ya Dorkas ilikuwa imevimba katikati kama tumbo la ng'ombe aliyeshiba. “Hii lazima nisawazishe,” alisema. “Udongo wake utatutosha kumalizia.” Akaanza kwenye kona, kwa sururu.

Udongo ulitoka kwa matabaka membamba, jeusi, kijivu, jeusi, kijivu, kama maganda ya kitunguu. Ulikuwa laini, umelainishwa tayari, una samadi na jivu ndani. Athumani alichimba akitegemea kufika kwenye ardhi ngumu. Hakufika.

“Mama, sakafu ya kwanza iko wapi?”

“Si hiyo umesimama juu yake?”

“Hii ni ya juzi.”

Akaendelea. Irine, aliyekuwa ameketi mlangoni na sahani yake ya maharage, aliona fundi anapungua. Kwanza vilipotea vifundo vya miguu, kisha muundi. Akaacha kuchambua. Ndipo sururu ikagonga kitu, Athumani akainama, akafuta kwa kidole gumba, akainua kijiko.

Kilikuwa kijiko cha bati gumu, chenye ua kwenye mpini. Mawifi wote wawili walikijua. Kilipotea siku ya ubatizo wa Abednego, na Dorkas alisema wakati ule, mbele ya watu, kwamba katika nyumba hii aliingia mtu mmoja tu mwenye mfuko mpana. Irine alikuwa amevaa gauni lenye mfuko. Suala lile liliamuliwa na wazee wa ukoo, likakatiwa rufaa kwa mzee wa kanisa, na mawifi walikaa bila kupeana chumvi mpaka mtoto alipoota meno.

Irine alikipokea kijiko, akakigeuza upande huu na upande ule.

“Haya,” alisema. “Sema sasa.”

Dorkas alikitazama. “Kumbe ulikirudisha. Lini?”

“Wifi!”

“Nauliza tu.”

Athumani hakusikia. Alikuwa amefika mlangoni, na chini ya tabaka la mwisho palikuwa na jiwe bapa, limelazwa vizuri, limeng'arishwa katikati na nyayo. Lilikuwa jiwe la kizingiti. Alilisafisha, akapanda juu yake, akasimama wima. Kati ya kichwa chake na boriti mtu angeweza kupitisha mkono. Akageuka kuwatazama wanawake wale wawili.

“Kaka yangu alikuwa mrefu kuliko Abedi,” alisema Irine taratibu. “Nilikuja hapa siku ile anaingia nyumba mpya. Sikumwona akiinama.”

“Alikuwa anainama kwa siri.”

“Wifi, huu mlango haukuwa mfupi. Wewe umeisiriba nyumba mpaka imezama.”

Dorkas alishuka kwenye shimo la sakafu yake, akasimama pale aliposimama akiwa mwali, chini, na nyumba ikawa kubwa ghafla. Alimkumbuka Zephania wa miaka ya mwisho, akiingia jioni mgongo umepinda. Umri, watu walisema. Naye jioni zile alimlaza kifudifudi akamkanda kwa mafuta na maji moto, Zephania akiguna. Alikuwa anashukuru. Hakuwahi kuulalamikia mlango. Aliinama zaidi kidogo kila mwaka, basi, wala hakuuliza kwa nini.

“Ni mgongo ulimsumbua,” alisema Dorkas, wala hakuna aliyemwuliza.

Kisha akajifunga kanga kiunoni. “Fundi, loweka huo udongo wote.”

Ijumaa sakafu ilipanda ukutani. Athumani alichanganya na mchanga na nyuzi za mkonge, Irine akakanyaga kwa miguu, Dorkas akasiriba. Kila uji aliomwaga Abednego, kila chozi la msiba, maji ya kila ubatizo, vyote vilipita kwenye kiganja chake na kutandazwa upya, nusu duara juu ya nusu duara, kuanzia msingi hadi chini ya bati. Wanaopita njia ya juu wanasema ukuta ule ulipokauka, ng'ombe walisimama kuulamba chumvi. Huenda. Ng'ombe wa huko wana njaa.

Sasa nyumba ilikuwa chini kuliko uwanja, uliojaa udongo wa mvua za miaka yote, na Athumani hakupenda. Alichimba uwanja wa mbele nao, akatengeneza ngazi moja ya mawe ya kushukia na mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua kwenye migomba, asije mtu akaamka anaogelea. Ubao wa mlango ulikuwa umekatwa mara nyingi upande wa chini kufuata sakafu ilivyopanda, kipande hiki mwaka huu, kipande kile mwaka ule, na Dorkas ndiye aliyekuwa akiushikilia Zephania alipokata. Athumani aliurefusha kwa ubao wa kitanda cha zamani.

Jumamosi mchana walikaa ndani watatu, wamezunguka sufuria ya makande, wanagombana. Safari hii ugomvi ulikuwa juu ya nini aambiwe Abednego.

“Aambiwe ukweli,” alisema Athumani. “Sakafu ilipanda, tumeishusha. Kuna ubaya gani?”

“Wewe fundi, kwenu Kigoma mnakula migebuka mpaka mnakuwa na akili za samaki,” alisema Dorkas. “Nimwambie mwanangu kwamba ile alama ya paji la uso nimempa mimi kwa samadi?”

“Na mkwe pia,” alisema Irine. “Usimsahau mkwe.”

“Mkwe alikuwa na kichwa kilegevu.”

“Mwambie basi tetemeko. Lilipita Alhamisi, likashusha chini sakafu yako peke yake.”

“Hiyo si mbaya.” Dorkas alifikiri. “Lakini jirani atasema hakulisikia. Nitamwambia baba yake amenijia ndotoni. Amesema, mke wangu, wameinama vya kutosha, sasa wasimame. Nikaamka, nikakuta boriti imepanda yenyewe.”

“Boriti imepanda na paa halikupanda?”

“Paa nalo limepanda. Nani alilipima?”

“Mimi nililipima, mama,” alisema Athumani.

“Wewe kula.”

Irine alikuwa akipakua kwa kile kijiko chenye ua. Alikisugua kwa jivu tangu asubuhi na hakikutoka mkononi mwake. “Atauliza kijiko kimetoka wapi,” alisema. “Nami nitamjibu. Nitamwanzia mwanzo, siku ya ubatizo wake, gauni nililovaa, mfuko wake, maneno uliyosema na waliokuwapo. Wengine wamekufa lakini majina ninayo.”

“Wifi, siku ya leo nyumba yangu iko mashakani, wewe unaleta kesi ya kijiko?”

“Kesi yangu haijaisha. Wewe ndiye uliyeifukia.”

“Nyumba njema si mlango, ulinifundisha wewe mwenyewe nilipokuja mwali! Fungua uingie ndani. Basi mwanangu akija ataingia ndani, ataona kuta, ataona dirisha, nitamwambia, Abedi, baba yako usiku wa kuamkia Alhamisi alisimama palepale ulipo, amevaa koti lake la...”

Kivuli kikaziba mlango.

Abednego hakupiga hodi, au kama alipiga haikusikika. Aliingia alivyozoea kuingia: bega mbele, ameinama, macho chini, kiganja kimefunika paji la uso. Aliiona ngazi, akashuka. Akatembea hivyohivyo hadi katikati ya nyumba, akasimama, bado amepinda, akingojea mshindo.

Mshindo haukuja. Akanyanyua kichwa kidogo, kama mtu anayelijaribu jino bovu kwa ulimi. Akanyanyua tena. Akasimama wima, akageuka taratibu, akaitazama boriti, akautazama ukuta, akalitazama lile jiwe la kizingiti.

Dorkas alikuwa amefungua kinywa na koti la Zephania bado lilikuwa ndani yake. Kijiko cha Irine kilikuwa hewani.

“Bosi!” mtu aliita kutoka uani, na vyuma viligongana vikitupwa chini. “Tuanzie wapi?”

“Ngojeni,” alisema Abednego, na kiganja chake kilikuwa bado kwenye paji la uso.